Hewa ya Wiki ya Kwanza na Hewa ya Mwezi wa Tatu

Ukipitisha kiganja kwenye rejeta ya chumbani siku moja baada ya fundi kumaliza kazi na kuondoka, unaweza kukuta jambo linalokataa akili: chini imepata moto, juu ni baridi kama ukuta. Joto hupanda, hilo tunalijua tangu jikoni kwa mama zetu. Vipi sasa upande wa juu ndio uwe umekosa? Ni kwa sababu pale juu hakuna maji. Kuna hewa iliyonaswa, na maji ya moto yanapita chini yake tu na kurudi kwenye boila bila kukigusa kipande cha chuma kilichotakiwa kukipasha chumba.

Nazungumzia zaidi nyumba za Uingereza, kwa kuwa ndizo ninazozijua: boila ya gesi jikoni au kabatini, mabomba yaliyopita chini ya mbao za sakafu, na rejeta za bati la chuma chini ya madirisha. Neno rejeta tumelizoea kwenye gari, na kazi ni ileile ya kuyatoa maji joto na kulipeleka kwenye hewa. Tofauti ni kwamba ndani ya gari joto hilo tunalitupa, na ndani ya nyumba ndilo tunalolilipia bili.

Majira ya baridi yaliyopita fundi alikuja kwangu kubadilisha rejeta moja iliyooza. Aliyamwaga maji ya mfumo mzima, akafunga mpya, akajaza, akawasha, akaaga. Kesho yake vyumba vya juu vilikuwa baridi. Nilipompigia simu mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori ya njia ya Tunduma, nikamwamkia na kumsimulia, hakuhitaji maelezo marefu. “Mjomba,” aliniambia, “ukibadili filta ya dizeli usitoe upepo, gari litawaka?” Halitawaka. Kila dereva wa dizeli anajua kulegeza nati, kupiga pampu ya mkono, kungoja povu liishe mpaka mafuta yatoke safi, kisha kukaza. Rejeta ya ukutani inataka jambo hilohilo. Lakini mjomba aliongeza neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: ukitoa upepo leo na kesho asubuhi gari likakataa tena, acha kutoa upepo, tafuta bomba linalovuta.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea majumbani. Dereva hawezi kukubali kutoa upepo kila asubuhi. Mpangaji anakubali. Ananunua ufunguo mdogo wa rejeta, anazoea mlio wa hewa ikitoka, na miaka inapita akidhani ndivyo nyumba za baridi zilivyo.

Hewa huingia kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina wakati wake. Ya kwanza ni ile inayobaki wakati wa kujaza. Mfumo ukimwagwa, mabomba yote hujaa hewa. Maji yakirudi huisukuma mbele yake, nayo hukimbilia sehemu zilizoinuka: vichwa vya rejeta, mikunjo ya mabomba, rejeta ya ghorofa ya juu kabisa. Fundi akijaza polepole, nyingi itatoka. Akijaza kwa haraka, maji huipita na kuiacha imekatika vipandevipande. Hii ndiyo hewa ya siku ya kwanza, na kuitoa ni sehemu ya kazi ya huyohuyo aliyeyamwaga maji.

Ya pili imo ndani ya maji yenyewe. Tia sufuria ya maji ya chai motoni: kabla hayajachemka utaona vitone vya hewa vimeshikilia chini na pembeni. Mwaka 1803 William Henry wa Manchester alieleza kanuni ambayo bado ina jina lake, kwamba gesi inayoyeyuka ndani ya maji huongezeka kadiri presha inavyoongezeka. Joto nalo hufanya kinyume, huifukuza. Lita moja ya maji ya bomba, yakiwa na nyuzijoto 10 hivi, hubeba takriban mililita 20 za hewa. Nyumba ambayo mfumo wake unachukua lita 100 imejazwa, kwa hiyo, pamoja na lita 2 za hewa ambazo jicho halizioni. Boila ikiwaka, sehemu yake huachana na maji, hasa ghorofani ambako presha ni ndogo. Ndiyo maana rejeta uliyoitoa hewa vizuri Jumatatu inaweza kulia tena Alhamisi, na hakuna aliyekosea. Itoe tena. Baada ya wiki moja au mbili za kuwasha na kuzima, maji yanakuwa yamechoka, hayana hewa ya kutoa.

Kwa hiyo hewa ya wiki ya kwanza isikutishe. Inayonisumbua mimi ni hewa ya mwezi wa tatu, kwa sababu kufikia hapo njia mbili za mwanzo zimeshafungika. Ikiwa bado inakuja, inavutwa kutoka nje au inatengenezwa humo humo ndani.

Tuanze na ya kuvutwa, ambayo watu wengi hawaiamini. Bomba lenye presha likitoboka, si maji ndiyo yatatoka? Yatatoka, mradi presha ipo. Lakini maji yana uzito: kila mita 10 za kwenda juu hula bar 1 ya presha. Geji ya boila iliyoko jikoni chini ikisoma 0.3, na kichwa cha rejeta ya ghorofani kiko mita 4 juu yake, pale juu hakuna presha inayosukuma kutoka. Kuna mvuto wa kuingia. Shina la koki lililolegea kidogo, ambalo lingetoa tone moja kwa siku, sasa linapumua kuelekea ndani. Na ukiwa katika hali hiyo ukafungua vali ili utoe hewa, utaingiza. Nimekutana na watu wanaoapa kwamba rejeta zao zinapungua joto kila wakizitoa hewa. Hawasemi uongo. Hawakutazama geji kwanza.

Madhara ya hewa hiyo hayaishii kwenye baridi ya chumba. Oksijeni iliyomo hula chuma. Watu husema kuongeza maji mapya mara kwa mara kunaozesha rejeta, na ni kweli, lakini hesabu inaonyesha mkosaji mkubwa ni mwingine. Lita moja ya maji baridi mapya hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Lita 100 za kujaza mfumo mzima ni kama gramu 1.1, na hizo zikiisha kula chuma huacha kama gramu 4 za unga mweusi. Si kitu cha kuangusha nyumba. Lakini lita moja ya hewa iliyovutwa kutoka chumbani ina karibu gramu 0.28 za oksijeni, yaani sawa na iliyomo kwenye lita 25 za maji mapya. Anayeogopa kuongeza maji kidogo na kuacha geji ikae karibu na sifuri majira yote ya baridi amekimbia mvua akaingia mtoni.

Mabomba ya plastiki nayo yana habari yake. Plastiki ya kawaida hupitisha oksijeni polepole kupitia ukuta wake hata kama hakuna tundu. Wajerumani walijifunza hilo kwa gharama kwenye mifumo yao ya zamani ya kupasha sakafu, ndiyo maana leo wana kiwango cha DIN 4726 kinachotaka mabomba hayo yawe na tabaka la kuizuia.

Gesi inayotengenezwa ndani si hewa tena. Chuma kikioza ndani ya maji yaliyokwisha oksijeni, hubadilika kuwa oksidi nyeusi na huachia haidrojeni. Hiyo hupanda na kukaa kichwani mwa rejeta kama hewa ya kawaida, na ukiifungulia hutoa mlio uleule. Haidrojeni inashika moto. Wako mafundi wa zamani waliokuwa wakiijaribu kwa njiti ya kiberiti kwenye vali, usiwaige. Ishara za kutosha unazo bila moto: rejeta ileile moja inajaa gesi kila baada ya wiki chache, geji haishuki sana, na maji yanayofuata ni meusi kama wino. Hapo unachokipoteza ni bati lenyewe, kutoka ndani.

Kabla ya kushika ufunguo, kiganja kifanye uchunguzi, kwa sababu si kila baridi ni hewa. Rejeta baridi juu na moto chini, yenye sauti ya maji yanayobubujika, ina gesi. Iliyo moto juu na baridi katikati ya chini imejaa tope jeusi, na ukiitoa hewa mara mia hutapata kitu zaidi ya maji. Iliyo baridi yote huku jirani zake zikiwaka huenda koki yake ya thamostati imekwama: kipini kidogo kilichomo ndani, baada ya miezi ya kiangazi bila kuguswa, hung'ang'ania chini. Kichwa cha koki hufunguliwa kwa mkono na kipini hulegezwa kwa kukibonyeza taratibu. Na rejeta zote za mbali zikiwa vuguvugu huku za karibu na boila zikiunguza, tatizo ni mgawanyo wa maji. Nimeona watu wakimwaga ndoo nzima ya maji kupitia tundu la hewa wakitafuta hewa ambayo haikuwepo, na kwa kufanya hivyo wakaishusha presha na kuukaribisha ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Ikithibitika ni hewa, kazi yenyewe ni nyepesi. Hita izimwe na maji yaachwe yapoe, kwa sababu mbili: maji yanaweza kuunguza mkono, na pampu ikizunguka huweza kuvuta hewa kupitia tundu ulilolifungua. Soma geji na uandike namba. Fungua koki zote za rejeta hadi mwisho. Vali ya hewa iko pembeni juu, ni kipande cha shaba chenye kichwa cha pembe nne kinachochukua ufunguo mdogo. Baadhi ya rejeta mpya huchukua bisibisi. Weka kitambaa chini yake na bakuli, maana maji meusi yakigusa zulia hayatoki. Zungusha kinyume cha saa robo mzunguko, usizidi nusu. Parafujo hiyo ikitoka yote, kuirudisha huku maji yanakurukia usoni ni taabu ambayo sikutakii.

Utasikia mlio, kisha matone yenye povu, kisha mchirizi usiokatika. Funga hapo, bila kukaza kwa nguvu. Mlio huwa mrefu kuliko unavyotarajia kwa sababu gesi imebanwa: geji ikisoma bar 1, lita moja iliyomo ndani hutoka ikiwa lita mbili nje. Anza na rejeta za chini, umalizie na ile ya juu kabisa. Watu hubishana sana juu ya utaratibu huu, na maoni yangu ni kwamba katika mfumo uliofungwa utaratibu una uzito mdogo kuliko geji. Rejeta tatu zikitoa hewa, presha itakuwa imeshuka kiasi cha kuifanya ya nne isitoe kitu, au ivute. Rudi kwa boila katikati ya kazi.

Kuirudisha presha hufanywa kwa kibomba kilichosukwa kwa waya kinachounganisha maji ya bomba na mfumo, chenye koki pande zote mbili. Fungua polepole mpaka geji isome kati ya 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi, funga koki zote mbili, kisha tenganisha kibomba. Anayesahau koki wazi ataona geji ikipanda hadi 3, ambapo vali ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje ya nyumba. Nyumba za zamani zenye tangi dogo darini hazina geji wala kibomba hicho. Tangi hujijaza lenyewe kwa boya. Panda ulitazame angalau mara moja kwa mwaka. Boya likikwama juu na tangi likakauka, mfumo utavuta hewa kutoka huko mchana na usiku bila mtu kujua.

Kuna jambo linalofanyika baada ya matengenezo, au niseme lisilofanyika, ambalo linaniuma kuliko yote. Maji ya zamani yalipomwagwa yaliondoka na dawa ya kuzuia kutu. Kiwango cha Uingereza cha BS 7593, katika toleo la 2019, kinataka mfumo usafishwe, utiwe dawa na uwe na kichujio, na maji yake yapimwe kila mwaka. Fundi aliyejaza maji matupu na kuondoka ameacha chuma uchi mbele ya oksijeni mpya. Chupa ya dawa ni bei ndogo ukilinganisha na rejeta moja. Muulize kabla hajafunga mkoba wake, “Dawa umetia? Kiasi gani?” Fundi mzuri hataudhika; atakuonyesha chupa na kuandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye boila.

Kwa walioko kwingine, mambo hubadilika. Moscow hita huwashwa wastani wa joto la siku unapokaa chini ya nyuzijoto 8 kwa siku tano mfululizo, baada ya kiangazi cha kupima mabomba ya majengo kwa presha na kuyatengeneza. Hewa yote ya matengenezo hayo hupanda na kukaa ghorofa ya mwisho. Wanafunzi wetu waliosoma Chuo Kikuu cha Lumumba, kilichofunguliwa 1960, na wakalala ghorofa za juu, huenda wanaikumbuka vali ndogo ambayo Warusi huiita kwa jina la Mayevsky. Katika majengo kama hayo, na katika nyumba za kupanga za Ujerumani zenye boila moja chini, maji ni ya wote: ukitoa mengi, wa juu yako atapata baridi, kwa hiyo mwambie msimamizi. New York kuna majengo mengi ya zamani yanayotumia mvuke. Rejeta zake zina kivali pembeni kinachojifungua na kujifunga chenyewe, na mlio wake kila hita inapowaka ni wa kazi. Hazitolewi hewa kwa ufunguo, na nyumba nyingi za Marekani hazina rejeta kabisa, hupuliziwa hewa ya moto kwenye mifereji.

Wapangaji wa England wanapaswa kujua pia wapi kazi yao inaishia. Kutoa hewa si kazi ya gesi na mtu yeyote mzima anaweza kuifanya. Kufungua kifuniko cha boila ni kazi ya aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Na kifungu cha 11 cha sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba, katika mikataba ya chini ya miaka saba, atunze mitambo ya kupasha vyumba na maji. Mpangaji anayetoa hewa kila wiki kwa mwaka mzima anafanya, bila malipo, kazi ya kuficha ubovu wa mtu mwingine. Lakini malalamiko ya “hita haifanyi kazi vizuri” hupuuzwa kirahisi. Tarehe na namba hazipuuziki: Jumapili asubuhi, baridi, 1.3, jioni, moto, 2.8; Jumatano asubuhi, 0.4, rejeta ya chumba cha nyuma imetolewa hewa mara nne mwezi huu.

Namba hizo ni zangu. Nilizipeleka kwa fundi mwingine mwezi wa tatu baada ya matengenezo, naye alizisoma mara moja tu akaelewa. Alinipeleka nje ya ukuta wa jikoni, akanionyesha mdomo wa bomba la shaba la vali ya usalama na doa la maji chini yake ambalo nilikuwa nikilipita kila siku. Maji ya lita 100 yakipashwa kutoka nyuzijoto 10 hadi 80 huongezeka karibu lita 3, na lita hizo hupokelewa na chombo chenye ngozi ya mpira ndani: upande mmoja maji, upande mwingine hewa iliyobanwa inayokubali kusogea. Upande wa hewa wa chombo changu ulikuwa mtupu. Kila jioni maji yaliyotanuka hayakuwa na pa kwenda, presha ikapanda hadi 3, vali ya usalama ikamwaga. Kila asubuhi maji yalipojikunja presha ikaanguka, na ghorofani rejeta zikaanza kuvuta.

Akashusha presha ya mfumo hadi sifuri, akaunganisha pampu ya mguu kwenye kidude kama cha tairi la gari, akajaza chombo hadi karibu bar 1, akarudisha maji, akatia dawa. Hewa ilikuwa imekosekana mahali pamoja ilipotakiwa, na kwa hiyo ikajaa kila mahali isipotakiwa. Nilitoa hewa siku hiyo, nikatoa tena wiki iliyofuata kutokana na maji mapya. Ufunguo umekaa kwenye droo tangu wakati huo.